Doa Jeupe Mezani: Jaribu Haya Kabla ya Kumwita Fundi

Sufuria ya ugali ikitoka jikoni na kuwekwa moja kwa moja mezani, mara nyingi huacha duara jeupe. Katika nyumba nyingi za Umoja, Kayole, Jericho na Buruburu, meza ya sebuleni ndiyo ya kulia chakula, ya watoto kufanyia kazi ya shule na ya kupokelea wageni. Kuipiga msasa na kuipaka vanishi upya hugharimu pesa ambazo familia ingelipia karo au kodi ya nyumba. Mara nyingi gharama hiyo yaweza kuepukwa.

Kwanza, tazama rangi ya doa. Likiwa jeupe, joto limeingiza unyevu ndani ya vanishi, na kwa kawaida mbao zenyewe hazijaguswa. Likiwa jeusi, huenda maji yamefika kwenye mbao au mbao zimeungua. Hilo mwachie fundi.

Kwa doa jeupe, fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Pangusa meza, kisha subiri siku moja au mbili. Madoa mepesi hukauka yenyewe.

2. Likibaki, paka mafuta ya kujipaka ya mgando juu yake, uyaache usiku kucha. Asubuhi, futa kwa kitambaa laini.

3. Likikataa, tandika kitambaa kikavu cha pamba juu ya doa. Chukua pasi isiyo na maji, kwa moto mdogo kabisa, uipitishe juu ya kitambaa kwa sekunde chache tu. Inua uangalie, kisha urudie. Unyevu hutoka vanishini pole pole, kwa hivyo usiiache pasi mahali pamoja.

Kabla ya kuanza, jaribu kila njia sehemu iliyofichika, kama vile upande wa ndani wa mguu wa meza. Ikiwa meza yako ni ya bodi iliyobandikwa karatasi ya sura ya mbao, usitumie pasi, kwani joto hubandua karatasi hiyo.

Tahadhari: usifute doa kwa petroli wala thina. Huyeyusha vanishi na kuharibu sehemu kubwa zaidi, na mvuke wake hushika moto upesi. Katika chumba kimoja chenye jiko, stovu ya mafuta taa au mshumaa, cheche moja yatosha kuteketeza nyumba na kuwafikia majirani. Watoto wakae mbali na pasi, na uichomoe umeme mara tu umalizapo. Moto ukizuka, waondoe watu kwanza, kisha piga 999 au 112.

Ukilazimika kumwita fundi, iwe wa Gikomba au wa mtaani kwako, muulize atapaka vanishi ya aina gani na kama bei inajumuisha msasa. Mkubaliane kabla meza haijatoka nyumbani.

Kuzuia ni rahisi: weka kibao au kitambaa kinene kilichokunjwa chini ya sufuria na vikombe vya chai.