Gego la Mwisho: Panga Siku za Baadaye Kabla ya Kupanda Gari

Gego la mwisho la chini likikosa nafasi hulala ndani ya taya, likawa linasukuma jino la jirani huku nusu yake imefunikwa na ufizi. Chakula kinanasa chini ya ufizi ule, panavimba, shavu linajaa, unameza dawa, panapoa, kisha panaanza upya. Niliishi hivyo muda mrefu hapa Tunduma, nikiuza mchele na maharage, mpaka picha ya jino ilipoonyesha kwamba langu halitatoka kwa kung'olewa kama mengine. Ilibidi ufizi uchanwe, mfupa upunguzwe kidogo, jino likatwe vipande, kisha nishonwe nyuzi. Nikaandikiwa rufaa kwenda Mbeya.

Tangu nirudi, wenzangu sokoni hawaishi kuniuliza. Wengi wanaogopa kile kiti cha daktari, nami nawaambia kiti si kitu, kwa sababu ganzi ikishaingia unasikia mtu anasukuma na kuvuta tu, maumivu huyasikii. Kazi yenyewe iko katika siku zinazofuata, na siku hizo hupangwa kabla hujaondoka nyumbani. Mji wetu haulali. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na mtu akikaa nyumbani siku mbili anaona amekula hasara. Kwa hiyo nilichagua juma ambalo sikuwa nasubiri mzigo kutoka Kamsamba, nikamwachia mdogo wangu meza, nikamwambia kabisa asinipigie simu kuuliza bei.

Kabla ya kwenda, kaa chini uandike dawa zote unazotumia, na usimfiche daktari kitu. Presha, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, ujauzito, ARV, aleji ya penisilini, yote yana maana kwake. Hata vidonge vya uzazi wa mpango vitaje, maana vinaweza kuongeza uwezekano wa tundu kuuma vibaya baadaye. Mimi nilikuwa na wifi yangu chumbani, na daktari alipoanza maswali hayo nikamwomba wifi atusubiri nje kidogo. Hakuna ubaya wowote kuomba hivyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asiziache kwa uamuzi wake. Daktari atapima damu kwanza ndipo aseme. Wa presha ameze dawa zake asubuhi kama kawaida.

Kama utachomwa ganzi ya mdomoni tu, kula vizuri kabla, kwa sababu baadaye hutakula vya maana kwa saa kadhaa. Kama utalazwa usingizi ni kinyume chake: kwa kawaida chakula kinakoma saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla, na hospitali ikikupa muda wake, fuata huo. Piga mswaki vizuri asubuhi hiyo. Kisha tafuta mtu wa kwenda naye na mahali pa kulala. Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu, na foleni ya malori hujui itakukuta Mlowo au Mpemba. Kukaa kwenye Costa umeng'ata pamba, mdomo umekufa ganzi, halafu damu ianze kutoka katikati ya njia, ni jambo la kuepuka kabisa. Mimi nililala kwa wifi yangu, pale Mwanjelwa mjini Mbeya.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini. Jino likitoka linaacha tundu, na tundu linajaa damu inayoganda. Lile bonge la damu ndilo dawa ya kwanza, kwa kuwa linafunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya inaanzia hapo. Karibu kila katazo utakalopewa linahusu kulilinda. Pamba uliyowekewa ing'ate kwa nguvu nusu saa hadi saa nzima bila kuichungulia kila mara. Nilipotaka kutema, muuguzi alinishika bega akasema, "Mama, usiteme. Mate yameze tu." Kutema, kusukutua kwa nguvu na kunyonya soda kwa mrija vyote vinaweza kuling'oa bonge. Sigara ni mbaya zaidi. Ndugu zangu madereva na vijana wa bodaboda, naomba mjizuie siku 3 angalau, na juma zima ni bora zaidi. Pombe nayo, iwe bia au komoni, iacheni, hasa ukiwa umepewa metronidazole, maana ukichanganya unaweza kutapika na moyo ukaenda mbio.

Mate yakiwa na rangi ya damu siku ya kwanza, usishtuke. Damu ikizidi, kaa wima, kunja pamba safi yenye unyevu, iweke juu ya tundu lenyewe na uing'ate nusu saa bila kuachia. Kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa nacho husaidia. Isipokata, rudi hospitali.

Barafu ni rafiki. Nilinunua zile za mfuko wanazouziwa watoto, nikaifunga moja kwenye kitenge, nikawa naweka shavuni dakika 15, napumzika, narudia. Uvimbe hukua mpaka siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo ukiona shavu limezidi kesho yake usidhani mambo yameharibika. Lala kichwa kikiwa juu, kwa mito miwili. Na baridi yetu ya Juni na Julai isikudanganye kunywa chai ya moto. Wageni wakija kukupa pole watakumiminia, wewe iache ipoe. Mdomo ukiwa bado na ganzi unaweza kuungua, au ukajing'ata, bila kusikia.

Kwenye dawa za maumivu, sisi wa mpakani tuwe waangalifu kuliko wengine. Panadol ya huku na Panado ya Nakonde, upande wa Zambia, zote ni paracetamol. Ukimeza mbili za hii na mbili za ile umejizidishia, na ini ndilo linaloumia. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Epuka aspirini na vile vidonge mchanganyiko vyenye aspirini ndani, kwa kuwa vinaongeza kutoka damu. Meza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Ukiandikiwa antibayotiki, imalize.

Chakula changu kilikuwa uji wa vuguvugu, parachichi lililopondwa, viazi vya kuponda na mtori uliopoa, nikitafunia upande wa pili. Mchele ninaouza mwenyewe sikuugusa, maana punje zinaingia tunduni. Karanga, dagaa na pilipili navyo vikasubiri. Baada ya saa 24 nikaanza maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula. Unainamisha kichwa huku na huku, kisha unaacha maji yatoke yenyewe.

Maumivu yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Yakigeuka siku ya tatu au ya nne, yakapanda hadi sikioni na mdomo ukawa na harufu mbaya, huenda bonge limetoka na mfupa uko wazi. Usijitie karafuu wala kitunguu saumu, vinaunguza nyama. Rudi kwa daktari wa meno, atasafisha tundu na kuweka dawa, na nafuu huja upesi. Ganzi ya mdomo au ulimi isipoisha kufikia kesho yake, mwambie pia.

Homa, usaha, uvimbe unaoshuka chini ya kidevu kuelekea shingoni, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida, hayo hayangoji asubuhi wala ruhusa ya mwenye nyumba. Usifikirie Mbeya kwanza. Nenda kituo cha karibu usiku huohuo, waanze matibabu, na rufaa ya Vwawa au Mbeya wataiandika wao.