Wiki moja ya darasa la kwanza: mzazi ashike wapi

Ukimwuliza mtoto wa darasa la kwanza amesoma nini leo, mara nyingi atakujibu, "Hatujasoma kitu." Mtoto hadanganyi. Kwake yeye kusoma ni kufungua kitabu, na huenda asubuhi nzima hakukifungua. Ameimba, amepiga makofi, amechora herufi hewani kwa kidole, amehesabu vizibo vya soda. Kumbe hayo ndiyo masomo yenyewe, na yana mpangilio wake. Makala haya yanaeleza jinsi wiki moja ya darasa la kwanza inavyoweza kwenda katika shule ya msingi ya Tanzania, ili mzazi ajue wapi asaidie na wapi amwachie mwalimu.

Mambo makubwa ya madarasa mawili ya kwanza ni kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tunazozisikia kila mahali. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 ulizipa stadi hizo asilimia 80 ya muda wa masomo, na mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 bado umeziweka mbele. Kipindi kimoja ni dakika 30. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukaa kwenye jambo moja zaidi ya hapo, na kwa kweli hata hizo dakika 30 mwalimu huzikatakata: wimbo kidogo, ubao kidogo, daftari kidogo.

Wiki za mwanzo huwa za irabu: a, e, i, o, u. Zikishakaa, konsonanti zinaanza kuingia moja moja. Tuchukue wiki ya herufi m. Ratiba za shule zinatofautiana, lakini hatua ni zilezile.

Jumatatu ni siku ya sauti. Mwalimu anafumba midomo na kutoa "mmm", darasa zima linamfuata. Kisha watoto wanataja vitu vinavyoanza na sauti hiyo: maji, meza, mayai, muhogo. Mwalimu mzoefu atavipokea vyote, ila "mti" na "mtoto" atavisogeza mbele kidogo, kwa sababu humo m inasimama peke yake kama silabi kamili, na hilo ni somo la siku nyingine. Baada ya hapo wanaumba herufi: kwanza hewani, kisha kwenye mchanga au juu ya dawati, kisha ubaoni, na mwisho kwenye daftari. Mkono huanzia juu kushuka chini. Mtoto akizoea kuanzia chini, mwandiko wake utachelewa, na kumbadilisha baadaye ni kazi.

Hapa ndipo wazazi wengi, kwa nia njema, wanapoharibu. Mtoto anarudi nyumbani na "mmm", baba anamwambia hiyo inaitwa "em". Sasa mtoto akikutana na m na a anaunganisha "em" na "a", anapata "ema". Analazimika kuwa na majina mawili ya kitu kimoja kabla hajakijua chenyewe. Nyumbani mtamkie sauti, kama mwalimu anavyoitamka. Majina ya herufi, ya Kiswahili au ya Kiingereza, yatakuja kwa wakati wake.

Jumanne sauti inafungwa na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Jumatano silabi zinakuwa maneno, na hii ni raha ya Kiswahili, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa irabu tano na konsonanti moja tu mtoto anaweza kusoma mama, mimi, umeme, hata "mama ameumia", sentensi nzima. Mpe nafasi aisome mwenyewe, akiunganisha silabi moja baada ya nyingine, hata kama inachukua muda. Ukimalizia neno kabla yake umemnyima kile alichokwenda shule kukitafuta.

Kuna mtego mmoja katikati ya wiki. Mtoto anafika nyumbani, anafungua kitabu, anasoma ukurasa mzima bila kukosea, na wote nyumbani wanafurahi. Funika picha, kisha weka kidole kwenye neno la katikati, halafu la mwisho, halafu la kwanza. Akishindwa, ujue alikuwa amekariri wimbo wa darasani. Usimkaripie, maana kukariri ni hatua ya kawaida. Rudi naye kwenye silabi.

Alhamisi mara nyingi kuna imla: mwalimu anatamka, watoto wanaandika. Hapo ndipo inapoonekana mtoto anasikia nini hasa. Katika nyumba ambazo l na r zinabadilishana, na ziko nyingi, mtoto ataandika "kura" pale alipotakiwa kuandika "kula", kwa sababu hivyo ndivyo anavyosikia siku zote. Kosa hilo halina uhusiano na akili yake. Mtamkie maneno yote mawili polepole, atazame ulimi wako, naye ayarudie. Wala usiache lugha ya nyumbani kwa hofu hiyo. Mtoto anayesimuliwa hadithi kwa Kisukuma, Kihaya au Kimakonde anajifunza kusikiliza, kufuata kisa na kuuliza swali, na darasani atayahitaji yote hayo.

Kuhesabu kunakwenda sambamba na kusoma wiki nzima, na hapa nataka nikae kidogo, maana wazazi wengi wanahesabu maendeleo kwa kusikiliza mtoto anafika ngapi. Anayetaja moja hadi mia kwa pumzi moja anaweza bado asijue kwamba saba ni vitu saba. Mpe maharage, mwambie akupe manane. Akichota gao zima au akiyahesabu mengine mara mbili, kazi iko hapo.

Ugumu wa kweli unaanza kwenye kumi. Ukimwambia mtoto aandike "kumi na tatu", wengi huandika 103. Wana sababu nzuri: wamesikia kumi, wameandika 10, wamesikia tatu, wameandika 3. Kumfuta na kumwandikia 13 hakumfundishi kitu. Mwalimu huchukua vijiti, kila kumi akavifunga kwa uzi viwe fungu moja, na vinavyobaki vikakaa peke yake. Fungu moja na vijiti vitatu: moja upande wa makumi, tatu upande wa mamoja. Mtoto akilishika fungu mkononi, akalifungua na kulifunga tena, anaelewa kwa nini ile moja inasimama kushoto. Nyumbani vijiti vya fagio la chelewa vinatosha kabisa. Hata kutoa kwa kukopa, somo linalowatesa watoto wakubwa, kunategemea kulifungua fungu hilohilo.

Ijumaa ni marudio, zoezi la wiki, usafi na michezo. Kwa mwalimu, hii ndiyo siku ya kuona nani amebaki nyuma. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wanafunzi wameongezeka sana, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumpa kila mtoto dakika tano zake. Ndiyo maana ninasema robo saa ya mzazi jioni ina thamani kubwa kuliko tuisheni ya Jumamosi nzima. Robo saa hiyo haihitaji vitabu vya kununua. Maandishi ya kanga, paketi ya chumvi, kibao cha duka, jina la kituo cha daladala, vyote vinasomeka. Akitumwa dukani, hesabuni chenji pamoja.

Neno juu ya mahudhurio. Kwa sababu kila siku inajengwa juu ya ile ya jana, mtoto aliyekosa Jumatatu anaikuta Jumanne haina maana. Na Jumatatu hukosekana kwa mambo madogo: sare haikukauka, mama alikwenda gulioni na mdogo hana wa kumshika, familia ilichelewa kurudi msibani. Sare ifuliwe Jumamosi. Akiugua, siku anayorudi muulize mwalimu ni sauti gani ilifundishwa, muipitie jioni hiyohiyo.

Yako mambo ya kuacha yapite, na yako ya kushughulikia mapema. Mtoto kuchanganya b na d, au kuandika 3 na 7 zikitazama upande usio wake, ni kawaida katika umri huu, mwelekeze tu. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Lakini anayekosea kila anaponakili kutoka ubaoni huku daftari lililo karibu analisoma vizuri, huenda haoni mbali. Anayeitwa mara tatu ndipo ageuke huenda hasikii vizuri. Hao omba wakae mbele, na wapelekwe kituo cha afya wakapimwe. Wapo watoto wanaochapwa kwa uzembe kumbe shida ni macho.

Ijumaa hii, kabla mtoto hajavua sare, fungua daftari lake mlitazame pamoja, kisha mtafute mwalimu kwa simu au getini umuulize maswali mawili tu: ni sauti gani bado inamshinda mwanangu, na ni namba gani? Majibu yake ndiyo kazi yenu ya Jumamosi na Jumapili.