Somo la Duka: Kwa Nini Bidhaa Hubadilika?

Ndugu msomaji, leo somo letu ni la dukani. Sote tunaingia dukani kununua chumvi, sabuni na kibiriti. Siku moja tunakuta kitu tulichokizoea hakipo. Mahali pake kimewekwa kingine. Tunanung'unika, halafu tunarudi nyumbani. Je, nani amebadilisha duka letu? Tutazame pamoja.

DUKA LA KIJIJI

Mwaka 1973 serikali iliunda Tume ya Bei ili kupanga bei za bidhaa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Vijiji vilitakiwa kuwa na duka la ushirika badala ya maduka ya watu binafsi. Bei ilikuwa nafuu, lakini bidhaa zilikuja kwa mgawo.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipungukiwa sana fedha za kigeni. Sukari, sabuni na khanga zikawa adimu. Watu walipanga foleni, na walanguzi wakapata nafasi. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Bidhaa zikaonekana tena, lakini kwa bei ya juu.

Hapo tunajifunza kwamba bei nafuu haisaidii kama bidhaa haipo. Tena bidhaa kuwapo hakusaidii kama fedha hatuna.

DUKA LA MWALONI

Sasa twende mwaloni, kando ya Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani wavuvi walitumia karabai, na mwenye duka aliweka mafuta ya taa kwa wingi. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Mwenye duka naye amefuata wateja wake.

Hata ndani ya mwezi mmoja duka hubadilika. Wakati wa giza wavuvi wana fedha. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hupungua na fedha hupungua. Huko Kwimba na Magu, duka hufuata msimu wa pamba.

Sheria pia hubadilisha duka. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 2017. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 2019. Vyote hivyo viliondolewa dukani.

KWA NINI PAKITI NDOGO?

Duka la bei nafuu hupata faida kidogo kwa kila kitu. Kwa hiyo mali lazima iuzike upesi. Kinachokaa na kupata vumbi, mwenye duka hakirudishi tena. Sisi tukinunua kidogo kidogo, yeye ataleta pakiti ndogo na kuacha kubwa. Hajatuibia. Ametuangalia mikono yetu.

Lakini tupige hesabu. Tuseme sabuni ya unga kilo 1 ni shilingi 4,000. Pakiti ya gramu 50 ni shilingi 300. Kilo 1 ni gramu 1,000, yaani pakiti 20.

20 x 300 = 6,000
6,000 – 4,000 = 2,000

Aliyenunua pakiti ndogo amelipa shilingi 2,000 zaidi. Na mara nyingi huyo ndiye mwenye fedha kidogo!

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusome uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Tusiangalie bei peke yake.

Pili, majirani wanne wanaweza kuchanga, wakanunua kilo 1 na kugawana kwa mizani. Kila mmoja atapata robo.

Tatu, tuseme na mwenye duka mapema. Tukimwambia, "Bwana, kila mwisho wa mwezi tutachukua kilo 5," ataleta. Asipojua, ataleta kile tu kinachotoka.

Ndugu msomaji, kila shilingi tunayoitoa dukani ni kama kura. Inamwambia mwenye duka alete nini kesho. Tusipige kura hiyo bila kusoma.

MASWALI

1. Kwa nini bidhaa zilikuwa adimu baada ya mwaka 1979?
2. Kwa nini duka la mwaloni lilipunguza mafuta ya taa?
3. Chagua bidhaa moja ya duka lenu. Piga hesabu: pakiti ndogo na kubwa, ipi ni nafuu? Andika jibu katika daftari lako.