Jinsi ya Kuipima Tovuti na Kuitengeneza ili Kila Mtu Aisome



Mhariri wa gazeti letu ameniomba, mimi mwanafunzi wa zamani, niwaandikieni somo juu ya kazi ninayoifanya hapa Kampala, yaani kazi ya kutengeneza tovuti. Nimeona haifai kuanza kwa kujisifu, maana jambo kubwa nililojifunza katika kazi hii nilifundishwa na kosa langu mwenyewe. Basi nitaanza na kosa hilo, kisha nitaeleza jinsi nilivyolitafuta na kuliondoa.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, kiliniomba nikitengenezee tovuti. Chama hicho huwasaidia wazazi wasioweza kulipa karo, nao walitakiwa kujaza fomu katika tovuti kabla ya siku ya mwisho. Nilifanya kazi mwezi mzima katika chumba changu kule Wandegeya. Ilipokwisha ilipendeza macho kwelikweli: picha kubwa, herufi nyembamba za kijivu, na vitufe vya rangi. Wakubwa wa chama waliisifu, nami nikalipwa fedha zangu.

Siku ya mwisho ilipokwisha kupita, alinijia rafiki yangu wa zamani ambaye tuliketi dawati moja. Rafiki huyu alipofuka macho miaka michache iliyopita, lakini hutumia simu na kompyuta kwa ustadi kuliko wengi wetu wenye kuona. Akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, siku mbili nimejaribu kumwombea binti yangu karo katika tovuti ile, nimeshindwa. Wamjua aliyeitengeneza?"

Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema, "Ni mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakumwita jirani amjazie. Akajibu, "Fomu ile yauliza mapato yangu, madeni yangu na ugonjwa wangu. Wewe ungependa jirani yako ayajue hayo yote?" Sikuwa na la kujibu. Nikamwomba aketi nami tuipime tovuti pamoja, yeye akiwa mwalimu na mimi mwanafunzi.

Asiyeona husomaje tovuti?

Watu wengi hudhani kipofu hawezi kutumia kompyuta. Sivyo hata kidogo. Iko programu ya kusoma skrini ambayo hutamka kwa sauti maandishi yaliyomo. Katika simu nyingi za Android iko TalkBack. Katika kompyuta iko NVDA, ambayo hutolewa bure. Ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na kijana aitwaye Michael Curran, naye mwenyewe haoni. Mtu huyu hatumii kipanya, kwa kuwa kipanya chahitaji jicho la kukiongoza. Hutumia kibodi, akibonyeza Tab ili aende kutoka kitu kimoja mpaka kingine, na Enter ili akubali.

Lakini fahamuni jambo moja. Programu ile haioni ukurasa kama tunavyouona sisi. Husoma maagizo yaliyoandikwa nyuma ya ukurasa kwa lugha ya HTML. Ikiwa mtengenezaji hakuandika kwamba kitu fulani ni kitufe, programu haitajua kuwa ni kitufe, hata kikipakwa rangi ya dhahabu.

Makosa sita tuliyoyaona

Niliweka kipanya kabatini, nikazima mwanga wa skrini, tukaanza kusikiliza. Kwa muda wa saa moja tulipata makosa sita.

La kwanza, picha zisizo na maelezo. Tangazo la siku ya mwisho nililiweka kama picha yenye maandishi ndani yake. Programu ilisema tu "picha". Rafiki yangu hakuijua hata tarehe! Dawa yake ni kuandika maelezo katika sehemu iitwayo "alt" ya kila picha yenye maana. Na tangazo lenye maneno liandikwe kwa maneno. Picha ambayo ni pambo tu, "alt" yake iachwe tupu, ili programu iipite bila kumchosha msikilizaji.

La pili, visanduku visivyo na lebo. Katika fomu niliandika "Jina", "Simu", "Mapato" karibu na visanduku, lakini sikuyafunga maneno hayo na visanduku vyake. Basi kila alipofika kwenye kisanduku alisikia kwamba ni mahali pa kuandika, asiambiwe aandike nini. Dawa ni kila neno liwekwe katika "label" na kufungwa na kisanduku chake.

La tatu, kitufe cha uongo. Kitufe cha "Tuma" nilikitengeneza kwa "div", yaani sanduku tupu lililopakwa rangi. Kipanya kiliweza kukibonyeza, lakini Tab ilikiruka kama vile hakipo. Hata kama rafiki yangu angejaza fomu yote kwa kubahatisha, asingeweza kuituma. Nililifuta lile "div" nikaweka "button", nacho kikaitika kwa kibodi mara moja. Kosa hili huwaumiza pia wenye macho ambao mikono yao hutetemeka au imepooza, maana nao hutegemea kibodi.

La nne, vichwa visivyo vichwa. Msomaji mwenye macho hupitisha macho juu ya ukurasa na kutafuta herufi kubwa. Asiyeona hufanya vilevile kwa kubonyeza herufi H, naye hurukia kichwa kimoja baada ya kingine. Mimi nilikuwa nimekuza maandishi tu, nisiyaite vichwa. Dawa ni kutumia h1 kwa kichwa kikuu, h2 kwa vya chini yake, na h3 kwa vilivyo chini zaidi, kwa taratibu kama mnavyopanga insha.

La tano, rangi. Maandishi yangu ya kijivu juu ya nyeupe yalikuwa na tofauti ya mwanga ya 2.85 kwa 1 tu. Kipimo kinachokubaliwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1 au zaidi, na kwa maandishi makubwa ni 3 kwa 1. Nilibadili kijivu kile kutoka #999999 kuwa #595959, tofauti ikapanda kufika 7 kwa 1. Tena, mtu alipokosea katika fomu, kisanduku kiligeuka chekundu tu, bila neno lolote. Asiyeona hakujua, na asiyetofautisha nyekundu na kijani naye hakujua. Sasa yameandikwa maneno: "Namba ya simu haijakamilika."

La sita, lugha. Hili lilinitia aibu zaidi, mimi mpenda Kiswahili. Nilikuwa nimenakili ukurasa wa mfano ambao juu yake pameandikwa lang="en", maana yake ukurasa ni wa Kiingereza. Kwa hiyo sauti ya programu ilisoma Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kiingereza, hata rafiki yangu akacheka. Dawa yake ni herufi mbili tu: lang="sw". Sehemu iliyoandikwa kwa Luganda huwekewa "lg".

Je, ni mimi peke yangu?

Msidhani kwamba nilikuwa mzembe kuliko wote. Shirika la WebAIM la Marekani hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja kila mwaka. Katika mwaka 2024, kurasa 95.9 katika kila 100 zilikutwa na makosa. Tofauti ndogo ya rangi, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na lebo, na kukosa kutaja lugha, yote yalikuwa miongoni mwa makosa yaliyoonekana mara nyingi zaidi.

Wala si kwamba kanuni hazikuwapo. Miongozo ya jambo hili, iitwayo WCAG, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1999, na toleo la 2.2 lilitoka mwezi wa Oktoba 2023. Msingi wake ni mambo manne: ukurasa upate kuonekana au kusikika, uweze kutumika, ueleweke, na ufanye kazi na vyombo vya namna nyingi. Nchi yetu ya Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 9 cha mkataba huo chataja intaneti waziwazi. Tena mwaka 2020 tulipata sheria yetu mpya ya watu wenye ulemavu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 1,300,000,000 wana ulemavu mkubwa wa namna fulani, yaani mtu mmoja katika kila sita.

Zipo programu za kupimia, kama WAVE na Lighthouse, nazo hutumika bure. Zitumieni, lakini msizitegemee peke yake. Mashine yaweza kuona kwamba picha ina maelezo, lakini haiwezi kujua kama maelezo hayo ni ya kweli. Ukiandika "picha nzuri" chini ya tangazo la karo, mashine itaridhika, na mzazi atabaki gizani. Kipimo cha mwisho ni mtu.

Mwisho wa habari

Nilikwenda kwa wakubwa wa chama nikakiri kosa. Mmoja wao alisema, "Mtu mmoja tu asiyeona, aje ofisini tumjazie." Nikamjibu kwamba hatujui kama ni mmoja, twajua tu kwamba mmoja alikuwa na rafiki wa kumlalamikia. Wengine walioshindwa walinyamaza wakaenda zao. Maneno hayo yaliwaingia. Walikubali fomu ifunguliwe tena kwa juma moja, nami nikafanya matengenezo yote kwa siku tatu bila kudai malipo.

Rafiki yangu alijaza fomu peke yake, nyumbani kwake Kawempe, usiku wakati watoto wamelala. Binti yake hakupewa karo yote. Alipewa nusu, kama wengi wengine mwaka ule. Baba yake hakunung'unika. Aliniambia, "Wamelipima ombi langu kama walivyopima ya wenzangu. Nilitaka hilo tu."

Basi, ndugu zangu, wengi wenu mtakuja kutengeneza tovuti, za biashara, za makanisa na misikiti, za serikali, na pengine ya shule yetu hii. Kumbukeni kwamba matengenezo niliyoyafanya kwa siku tatu yangalinichukua nusu siku tu kama ningaliyafikiri tangu mwanzo. Mwenye kujenga nyumba huweka mlango kabla ya kuezeka.

Zoezi

1. Chagua tovuti moja unayoitumia. Weka kipanya mbali, utumie Tab peke yake. Je, wafika kila kitufe? Je, waona ulipo?
2. Washa TalkBack katika simu, ufumbe macho, ujaribu kusoma habari moja mpaka mwisho. Kwanza jifunze jinsi ya kuizima!
3. Eleza kwa sentensi moja picha iliyo ukutani mwa darasa lako, kana kwamba wamwambia mtu kwa simu. Hayo ndiyo maelezo ya "alt".
4. Soma tovuti kwenye simu yako nje, juani, saa saba mchana. Maandishi gani hayaonekani? Andika orodha, umpelekee mwenye tovuti kwa barua ya adabu.