Mafunzo Niliyopata Dojoni Magu

Ukitaja karate hapa Magu, wengi hukumbuka kibanda umiza: Bruce Lee karuka, maadui chali. Wachache huwataja watawa wa Shaolin, hekalu la China lililoanzishwa mwaka 495, ambao walitafuta nuru ya moyo kwa kukaa kimya na kwa kurusha mateke. Mimi si mtawa. Jioni nikitoka kazini nawafundisha vijana dojoni, uwanja wetu wa mazoezi, Goju-ryu, mtindo wa Chojun Miyagi (1888–1953) wa Okinawa. Miaka ya 1970 Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliufundisha Dar es Salaam, na leo unafanyiwa mazoezi hadi huku kandokando ya Ghuba ya Speke. Haya ndiyo uliyonifunza.

1. Pambano la kwanza ni la pumzi

Kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, tunayoirudia kuliko zote ni Sanchin. Haina kuruka wala kelele. Unasimama vidole vya miguu vimeelekea ndani, magoti yamekunjwa kidogo, unavuta hewa kwa pua hadi chini ya kitovu, kisha unaitoa taratibu huku mwili mzima umekaza. Sensei, yaani mwalimu, anakuzunguka, anakupiga viganja mabegani na mapajani. Anachopima ni kama pumzi itakatika ukiguswa. Kwa wanaoanza hukatika palepale. Ndivyo ilivyo na mnadani pia: mtu akitukanwa, pumzi hupanda kifuani kabla mdomo haujajibu. Aliyezoea kuishusha hupata nafasi ya kuchagua jibu.

2. Kinga hutangulia

Gichin Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule Okinawa kabla ya kwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate. Alishikilia kwamba mwanakarate hatupi ngumi ya kwanza, na kata alizofundisha huanza kwa kuzuia.

Mama mmoja alinifuata analalamika: "Mwalimu, huyu wangu mkorofi tayari, na wewe unamwongezea ngumi?"

"Mama, nivumilie kidogo," nikamwambia, "halafu uniulize tena."

Kijana yule sasa anaendesha bodaboda. Siku moja abiria aligoma kulipa, akamkunja shati mbele ya kijiwe kizima. Kijana akarudi hatua moja nyuma, akainua viganja wazi usawa wa kifua, akasema, "Mzee, yaishe." Mkono ule ungeweza kumvunja mtu taya. Mama hakurudi kuniuliza.

3. Kurudia huua majivuno

Makiwara yetu, yaani nguzo ya kupigia ngumi, ni ya mti na imezungushiwa kamba ya katani. Badala ya vyuma, tunabeba mitungi ya udongo yenye mchanga wa ziwani, kwa ncha za vidole, huku na huku mpaka mikono itetemeke. Hakuna watazamaji, hakuna makofi. Anayetafuta sifa huaga mapema. Anayebaki hujikuta hana tena haja ya kuonyesha anachokijua.

4. Mshindani si adui

Hili Wasukuma walilijua zamani. Ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na upinzani wao ni wa kurithishana. Njoo Kisesa mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu inayohusishwa na Bujora, makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Kila upande una mbwembwe zake, dawa zake na hata nyoka. Lakini bila Bagalu, Bagika wangecheza dhidi ya nani? Dojoni tunainamiana kabla na baada ya kumite, pambano la mazoezi, kwa sababu hiyohiyo: anayenirushia teke ndiye anayenionyesha ninapovuja.

5. Mkanda mweusi pia hufagia

Mazoezi yakiisha, tunafagia uwanja sote. Siku mwenye mkanda mweusi atakapoona ufagio ni wa wadogo, mkanda wake utakuwa umebaki kufunga nguo tu.

6. Kunyamaza hakuna dhehebu

Kabla ya kuanza tunapiga magoti, tunafumba macho, tunatulia. Yupo Mkatoliki, yupo Mwislamu, yupo wa kanisa la AIC, na kila mmoja anajua anachokipeleka kwenye ukimya ule. Nuru wanayoitafuta watawa siwezi kumwahidi mtu. Nilichokiona kwa macho yangu ni vijana waliojifunza kunyamaza penye matusi, na hapa mjini hiyo peke yake ni faida kubwa.

Mzazi, kabla hujamwandikisha mtoto, nenda ukatazame mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimsikia mwalimu anahesabu watu aliowapiga, mshike mtoto mkono mrudi nyumbani. Ukiona anaanza na pumzi, anafundisha kinga, na mwisho naye anashika ufagio, lipa ada.