Dondoo muhimu: Viazi na njahi katika shamba moja

Mizizi mingi ya viazi mviringo haivuki sentimita 60 kwenda chini. Mbolea ikizama zaidi ya hapo, fedha yako imezama nayo. Njahi, ambazo wengine huziita fiwi, hutuma mizizi mbali zaidi na kunyonya sehemu ya kile kilichopotea. Kwenye miteremko ya Nyandarua, Meru au Njombe, majani yake pia hukinga udongo usibebwe na mvua.

Panda mistari miwili ya viazi, kisha miwili ya njahi, ili upate nafasi ya kuinulia viazi udongo bila kukata mizizi ya jirani. Chagua mbegu isiyotambaa sana, la sivyo viazi vitakosa jua.

Mbolea weka kwenye mistari ya viazi tu. Njahi zikipewa nitrojeni nyingi huacha kujitengenezea yake kwa msaada wa bakteria wa mizizini.

Njahi zinapoanza kuchanua, chimbua shina moja taratibu, upasue vinundu vya mizizini. Rangi ya waridi ndani ni dalili kwamba bakteria hao wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au kijani, msimu ujao changanya mbegu na chanjo ya rizobia, yaani bakteria hao, kabla ya kupanda.

Usitarajie njahi kuvilisha viazi papo hapo: nitrojeni nyingi hutoka mabaki yakioza, na linalofaidi ni zao linalofuata. Kwa hiyo ukishavuna usiwape ng'ombe majani yote. Fukia walau nusu.