Kumpokea Samaki Mgeni Tangini: Somo Kutoka Madimbwi ya Rufiji

Katika nyanda za mafuriko za Mto Rufiji, na kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kibiti kuelekea kusini, yapo madimbwi yanayojaa maji wakati wa mvua za vuli na masika, kisha hukauka kabisa. Humo huishi samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius. Mmojawapo, Nothobranchius eggersi, alielezwa kisayansi mwaka 1982 na Mjerumani Lothar Seegers. Urefu wake ni sentimita 5 hivi, na dume hung'aa kwa rangi nyekundu au buluu.

Maisha ya samaki hawa ni mafupi. Dimbwi likaukapo wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi mvua inyeshapo tena. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza jamaa yao, Nothobranchius furzeri, katika madimbwi ya Msumbiji walionyesha kwamba aweza kukomaa katika muda wa siku 14 tu tangu kuanguliwa. Kwa sababu hiyo samaki hawa wafaa sana kwa somo la biolojia: darasa laweza kuona kizazi kizima katika muda mfupi.

Hata hivyo, samaki waliochukuliwa dimbwini aghalabu hufa siku chache baada ya kutiwa tangini, na lawama huwekwa juu ya udhaifu wao. Lakini kiumbe astahimiliye dimbwi linalopata joto kali mchana na kupungua maji kila siku hawezi kuitwa dhaifu. Tofauti iko katika mwendo wa mabadiliko. Dimbwi hubadilika kwa saa na siku. Sisi humbadilishia samaki maji yote kwa dakika moja. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka pigo hilo.

Mambo matatu yanayobadilika

Kwanza ni joto. Mwili wa samaki hufuata joto la maji yanayomzunguka. Joto likibadilika ghafla, upumuaji na mwendo wa damu huvurugika.

Pili ni chumvi zilizoyeyuka. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi. Kwa njia ya osmosisi maji huingia mwilini mwake daima kupitia matamvua, naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi. Ukimhamisha ghafla kwenye maji yenye chumvi chache zaidi, maji huingia kwa kasi kuliko figo zake ziwezavyo kuyatoa. Jambo hili lina uzito katika delta, ambako maji ya bahari hupanda mitoni wakati wa kujaa. Maji ya kisima karibu na mikoko na maji ya dimbwi la bara huenda yakafanana kwa macho, lakini kwa samaki si kitu kimoja.

Tatu ni amonia. Samaki huitoa amonia hasa kupitia matamvua. Majini hupatikana kwa namna mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na ayoni ya amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Uwiano wao hutegemea pH. Katika joto la nyuzi 25 za Sentigredi, pH ikiwa 7, ni sehemu kama 6 tu katika 1,000 zilizo katika hali ya sumu. pH ikifika 8, sehemu hizo huwa kama 54.

Hatari ya kufungua chombo

Samaki anaposafirishwa katika chombo kilichofungwa, hupumua na kutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo huyeyuka na kushusha pH. Hivyo amonia inayokusanyika hubaki zaidi katika hali ya amoniamu. Mfuniko unapofunguliwa, gesi hutoka, pH hupanda, na amoniamu hugeuka amonia. Maji yaliyokuwa yakivumilika njiani huwa sumu samaki akiwa amekwisha kufika.

Kwa hiyo njia ya kumpokea hutegemea urefu wa safari.

*Safari fupi, isiyozidi saa chache.* Eleza chombo ndani ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha fungua, na uongeze kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika 10, hadi maji chomboni yawe mara tatu ya yale ya awali. Mtoe samaki kwa wavu laini. Maji ya safari yamwagwe nje, yasitiwe tangini.

*Safari ndefu, ya usiku mzima au zaidi.* Usikawie baada ya kufungua. Linganisha joto chombo kikiwa kimefungwa, kisha mhamishe samaki mara moja. Hili lawezekana tu ikiwa maji ya tangi yametayarishwa mapema yafanane na ya dimbwi. Basi pima pH papo hapo ukingoni mwa dimbwi kwa karatasi ya kiashiria, na uchukue lita moja ya maji hayo kwa jaribio lililo hapa chini.

Chombo chenye mdomo mpana na mfuniko kinafaa. Jaza maji theluthi moja tu; theluthi mbili ziwe hewa, na kikae kivulini.

Tangi kabla ya mgeni

Tangi jipya si salama, hata likiwa safi. Hapana budi bakteria waote kwanza katika changarawe, wageuze amonia kuwa naitriti, kisha naitrati. Kazi hii huchukua wiki 4 hadi 6. Tia chembe za chakula cha samaki kila siku mbili ili zioze na kuwalisha bakteria hao. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe siku nzima katika ndoo wazi kabla ya kutumiwa.

Samaki mgeni akae peke yake katika tangi dogo kwa wiki tatu. Samaki wa jenasi hii hushambuliwa mno na kimelea Piscinoodinium, ambacho huonekana kama vumbi la dhahabu juu ya ngozi. Gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita ya maji, ikiongezwa kidogo kidogo kwa siku mbili, husaidia kukizuia. Kwa kuwa wiki tatu ni sehemu kubwa ya uhai wao, weka humo bakuli la mchanga laini ili wapate kutaga. Dume mmoja awekwe pamoja na majike wawili au watatu, na pawe na mahali pa kujificha. Siku ya kwanza wasilishwe. Baadaye viluwiluwi vya mbu vyafaa sana.

Majaribio

1. Tia kiashiria cha pH katika maji ya bomba, kisha pulizia pumzi kwa mrija hadi rangi ibadilike. Mimina maji hayo mara nyingi kutoka bika moja hadi nyingine. Rangi inarudi vipi? Eleza uhusiano wake na kufungua chombo cha safari.

2. Chemsha lita moja ya maji ya dimbwi na lita moja ya maji ya tangi hadi yakauke. Pima uzito wa masalio na ulinganishe.

Tahadhari ya mwisho

Chukua samaki wachache, baada ya kushauriana na ofisi ya uvuvi ya wilaya. Kamwe usiwamwage samaki wala tope lenye mayai katika dimbwi jingine. Unguja ina Nothobranchius guentheri, Mafia ina Nothobranchius korthausae, na Rufiji ina wake. Kuwachanganya ni kufuta historia ya maelfu ya miaka. Sangara aliyetiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo, wala hajawezekana kuondolewa.

Maswali

1. Kwa nini maji ya safari yasitiwe tangini?
2. Samaki amesafiri saa 14. Mwanafunzi anataka kumwongezea maji kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
3. Ni lipi gumu zaidi kwa samaki wa maji baridi: kuongezeka au kupungua ghafla kwa chumvi kidogo iliyomo majini? Jadili kwa kutumia osmosisi.